Umemleta Mtoto wa Mbwa Nyumbani: Miezi Minne ya Kwanza

Wapo watakaokuambia mbwa hana shughuli. Watakuonyesha mbwa koko anayelala kando ya bucha, hajawahi kuona sindano wala kidonge, na bado anabweka usiku kucha. Hoja hiyo ina kasoro moja kubwa: yule wa buchani ndiye aliyebaki. Katika uzao wake huenda walikuwa sita au saba, na wengine walifia mtaroni kabla ya kufikisha miezi minne, wala hakuna aliyewahesabu. Wewe huna watoto saba wa mbwa wa kujaribia. Una mmoja, uliyemnunua au kupewa, na watoto wa nyumbani wameshampa jina. Kazi yako ni kumvusha huyo mmoja hadi umri ambao mwili wake utaweza kujitetea wenyewe.

Kabla hujatoa pesa

Anayeuza kwenye foleni ya magari atakuambia mbwa wake ana miezi miwili. Usimbishie, fungua mdomo wa mbwa. Meno ya mbele ya utoto huanza kuchomoza akiwa na wiki tatu hadi nne, na akikaribia wiki nane huwa na meno yote 28 ya utoto, membamba na yenye ncha kali. Ukikuta fizi za nyuma bado tupu, huyo alitolewa kwa mama yake mapema mno. Wiki nane ndio umri wa kumchukua. Kabla ya hapo bado anahitaji maziwa na joto la mama, na bado anajifunza kwa ndugu zake jambo ambalo wewe hutaweza kumfundisha kirahisi: kwamba kung'ata kwa nguvu kunaumiza.

Mtazame akitembea, usimtazame akiwa amebebwa tu. Macho yawe makavu na angavu, pua isichuruzike, fizi ziwe na rangi ya waridi. Inua mkia uangalie: manyoya yaliyogandamana kwa kinyesi yanakuambia anaharisha hata kama muuzaji amemfuta usoni vizuri. Tumbo lililotuna chini ya mbavu zinazohesabika si shibe, ni minyoo. Muulize pia kuhusu mama: yuko wapi, amewahi kuchanjwa? Akikuruhusu kumwona, nenda ukamwone.

Na kama ni mgonjwa, mwache. Najua inauma, hasa ukiwa na mtoto pembeni anayekuvuta shati. Lakini ukimnunua mgonjwa kwa huruma, umelipia nafasi ya mwingine kuletwa palepale kesho.

Siku za mwanzo

Jambo la kwanza wengi wanalofanya baada ya kumfikisha nyumbani ni kumwogesha. Acha. Mbwa wa umri huo hupoteza joto upesi, amechoka na safari, ana hofu, na maji ya baridi yanaweza kumwangusha. Mfute kwa kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu na umkaushe. Kuoga kutasubiri hadi azoee nyumba na daktari awe amemwona.

Mtengee boksi lenye kitambaa, mahali pasipopitwa na upepo. Kwa walio Njombe, Mbeya au Limuru, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri kwenye taulo itamsaidia usiku. Atalia. Usiku wa kwanza na wa pili atalia sana, kwa sababu hajawahi kulala peke yake tangu azaliwe. Weka boksi karibu na unapolala, au asikie angalau sauti ya mtu. Kumchapa kwa sababu ya kilio hakumfundishi kitu isipokuwa kukuogopa. Na wale wanaowalisha pilipili watoto wa mbwa, au kuwafungia gizani mchana kutwa ili wawe wakali, wanatengeneza mbwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata watoto wa nyumbani.

Chakula ndicho kinachoharibu matumbo mengi katika wiki hiyo. Muulize muuzaji alikuwa anamlisha nini, umpe hichohicho kwa siku chache, kisha uchanganye chakula kipya kidogokidogo hadi wiki iishe. Maziwa ya ng'ombe, ambayo kila mtu humkaribishia, huwaharisha wengi wao, kwa kuwa tumbo la mbwa aliyeachishwa halimudu vizuri sukari iliyomo. Maji safi yanatosha kunywa.

Mlishe mara nne kwa siku, halafu mara tatu baada ya miezi mitatu. Chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa ni rahisi kutumia, ukikilowesha kwa maji ya vuguvugu. Ukipika mwenyewe, kumbuka kwamba ugali mtupu wenye mchuzi unamshibisha bila kumjenga. Karibu nusu ya bakuli iwe kitu chenye protini: mapupu au nyama ya kichwa, yai lililochemshwa, dagaa waliooshwa chumvi na kusagwa pamoja na mifupa yao, maana humo ndimo kalsiamu ilimo. Wenye mbwa wa mbegu kubwa, kina Boerboel na Rottweiler, wasiongeze unga wa kalsiamu juu ya chakula cha dukani. Ikizidi, huharibu ukuaji wa mifupa ya mbwa hao.

Vitu vya kumwepusha navyo kabisa ni vichache: mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa sababu hupasuka vipande vyenye ncha, pamoja na vitunguu, chokoleti na zabibu. Kwenye orodha hiyo ongeza unga ulioota ukungu. Watu hudhani unga ulioharibika ni wa mbwa, lakini sumukuvu iliyomo hula ini la mbwa kama inavyokula la binadamu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Unga usioufaa ugali wako usimpe na yeye.

Chanjo, na kwa nini moja haitoshi

Malalamiko yanayosikika kila mahali ni haya: "Nilimchanja, na bado akafa kwa parvo." Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, mwenye mbwa na aliyechanja.

Mtoto wa mbwa hupata kinga ya kwanza kwenye dang'a ya mama yake. Kinga hiyo humlinda kwa wiki kadhaa, na wakati huohuo huizima chanjo anayochomwa, kwa sababu huishambulia kabla mwili wake mwenyewe haujaitambua. Kisha hupungua polepole. Kwa mmoja itaisha wiki ya sita, kwa mwingine ya kumi na nne, na huwezi kujua kwa kumtazama. Kwa hiyo chanjo hurudiwa: ya kwanza kati ya wiki ya sita na ya nane, halafu kila baada ya wiki tatu au nne hadi atimize wiki 16. Ile ya wiki 16 ndiyo watu wanayoiruka, maana mbwa anaonekana mzima, anaruka na kubweka. Nayo ndiyo ya muhimu kuliko zote. Ukibanwa na pesa ukakosa nyingine, hiyo usiikose. Baadaye atarudia kati ya miezi sita na mwaka mmoja.

Chanjo ya watoto wa mbwa kwa kawaida huja katika vichupa viwili, kimoja cha unga mkavu na kingine cha maji, na huchanganywa papo hapo mbele yako. Inapaswa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani. Mtu akija nyumbani na kichupa mfukoni mwa koti kwenye jua la Dar es Salaam, anakuuzia maji. Dai kuona kibebeo chenye barafu, dai kuona tarehe ya kuisha muda, na dai kadi yenye stika iliyobanduliwa kwenye kichupa chenyewe. Daktari wa mifugo anayejiheshimu hatakasirika.

Ndani ya sindano hiyo mara nyingi mna kinga ya parvo, distempa na homa ya ini ya mbwa, na nyingine huongezewa leptospira, bakteria wanaosababisha homa ya mgunda, ambayo Watanzania wengi waliisikia kwa mara ya kwanza ilipozuka Lindi mwaka 2022. Distempa huanza kwa mafua na tongo nzito machoni, ikaishia kwenye kifafa. Usiidharau: mwaka 1994 iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na ilihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi.

Parvo

Parvo inastahili kuzungumzwa peke yake, kwa kuwa ndiyo inayozika watoto wa mbwa wengi mijini. Ugonjwa huu haukujulikana duniani hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Virusi vyake hutoka kwenye kinyesi cha mbwa mgonjwa na huweza kukaa ardhini mwaka mzima, vikisubiri. Unaweza kuviingiza nyumbani kwa soli ya kiatu chako.

Tangu aambukizwe hadi aonyeshe dalili hupita siku tatu hadi saba, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo mbwa uliyemchukua Jumamosi akiwa mchangamfu anaweza kuanza kutapika Alhamisi, nawe ukalaumu chakula chako, kumbe alikuja nao. Huanza kwa kukataa kula na kujikunyata. Kisha hutapika povu, halafu huharisha maji yenye damu na harufu nzito ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Kinachomuua haraka ni kukaukiwa maji, pamoja na bakteria wanaopenya kutoka kwenye utumbo uliochubuka kuingia damuni.

Hakuna dawa ya kuua virusi hivyo mwilini inayopatikana katika kliniki zetu za kawaida. Tiba ni dripu, dawa ya kuzuia kutapika, antibayotiki za kuzuia maambukizi ya pili, na uangalizi wa siku kadhaa. Akipata hayo mapema, ana nafasi nzuri ya kupona. Akiachwa nyumbani apewe maziwa na mkaa uliosagwa, wengi hawavuki siku ya tatu. Basi usisubiri "tuone kesho". Mtoto wa mbwa aliyetapika mara kadhaa na kukataa chakula ni mgonjwa wa leo.

Ukiwa njiani kwenda kwa daktari unaweza kumpa maji ya ORS, yale ya kuharisha ya binadamu, kijiko kimojakimoja, kama hatapiki. Akitapika, acha, maji ya mdomoni hayatamsaidia tena. Ukifika, mwache garini au nje hadi uitwe, ili asiwaambukize wengine kwenye foleni.

Kama amekufa au amepona, eneo lake lisafishwe kwa sabuni kwanza, kisha lipakwe jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa ishirini za maji, iachwe dakika kumi ndipo isuuzwe. Dawa nyingi zenye harufu ya hospitali tunazosugulia sakafu haziviui virusi hivi. Udongo wa uani hausafishiki hivyo, kwa hiyo ukileta mbwa mwingine mwaka huohuo, aje akiwa amemaliza chanjo zote.

Hadi wiki mbili baada ya chanjo ya mwisho, usimshushe barabarani wala uwanjani wanapopita mbwa wa mtaa. Ila usimfungie ndani asione dunia. Umri wa kuzoea watu, pikipiki, adhana, kengele na watoto wanaopiga kelele ni kabla ya wiki ya 14 hivi, ukipita haurudi. Mbebe mikononi umtembeze.

Minyoo ni ya nyumba nzima

Karibu kila mtoto wa mbwa huzaliwa na minyoo au huipata kwenye maziwa ya siku za mwanzo. Minyoo mviringo humpitia tangu tumboni mwa mama, na safura hupitia maziwani, kisha hukaa utumboni na kufyonza damu hadi fizi zinageuka nyeupe. Usisubiri uione kinyesini. Dawa ya minyoo hutolewa kuanzia wiki ya pili, ikarudiwa kila wiki mbili hadi wiki ya nane, halafu kila mwezi hadi miezi sita. Kama hujui alichopewa huko nyuma, hesabu kwamba hakupewa. Mpime uzito kwanza, kwa kumtia kwenye mfuko na kumning'iniza kwenye mizani ya dukani, maana kipimo cha dawa hufuata kilo. Rudia kumpima kila wiki. Asiyeongezeka ana tatizo, hata kama anacheza.

Mayai ya minyoo mviringo yanayotoka leo kinyesini hayawezi kuambukiza leo. Yanahitaji wiki mbili au zaidi udongoni ili yakomae. Anayezoa kinyesi kila siku na kukifukia au kukitupa chooni amekata mzunguko mzima kwa dakika mbili za kazi. Anayekiacha, anawaachia watoto wanaochezea mchanga minyoo inayoweza kufika ini, mapafu na hata jicho. Safura nao hupenya ngozi ya mguu peku na kuacha mstari mwekundu unaowasha na kutambaa, jambo ambalo wakazi wa pwani na watalii wa ufukweni wanalijua vizuri.

Nyama na viungo vya ndani vichemshwe hadi viive kabisa. Mapafu na maini mabichi yenye malengelenge ya maji yana mnyoo tegu ambao mbwa huupata na kumpa binadamu. Huko Turkana umeumiza watu vizazi na vizazi. Nyumba nyingi za Kiislamu za pwani zina utaratibu wao wa siku nyingi: mbwa ana banda lake nje, chombo chake, na hakuna anayempa ulimi wake nafasi ya kugusa sufuria. Kwa upande wa minyoo, siwezi kuongeza la maana.

Kupe, viroboto na mabuu

Kupe humpa mbwa magonjwa ya damu: homa, kukataa kula, fizi nyeupe, mkojo wa rangi ya kahawa, wakati mwingine damu puani. Mkague kila siku ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia. Mng'oe kupe kwa kibano, ukimvuta moja kwa moja karibu na ngozi. Usimchome wala usimpake mafuta ya taa, na usimpasue kwa kucha.

Kosa linaloua hapa ni dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ndiyo, ni rahisi, na jirani anaitumia kwa mbwa wake mkubwa. Kwa mwili wa kilo tatu, mchanganyiko uliokosewa kidogo ni sumu: atatoa udenda, atatetemeka, ataanguka. Nunua ile iliyoandikwa ya watoto wa mbwa, usome umri na uzito kwenye pakiti. Viroboto vingi huwa kwenye kitambaa anacholalia, kwa hiyo kifue kwa maji ya moto.

Ukiona uvimbe mdogo wenye tundu katikati, huenda ni buu la nzi anayetaga kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo au nguo zenye unyevu. Paka mafuta mazito juu ya tundu, buu likose hewa, litachomoza na utalikamua taratibu. Matandiko yake yakauke juani barabara, au yapigwe pasi.

Na tukiwa kwenye dawa: ibuprofeni na diklofenaki za binadamu hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake, na parasetamoli huharibu ini na damu. Mbwa mwenye homa, yaani aliyepita nyuzi 39.2, anahitaji kujulikana anaumwa nini. Sumu ya panya iwe mahali ambapo hata wewe unapanda kiti kuifikia.

Kichaa cha mbwa

Chanjo ya kichaa cha mbwa huchomwa akiwa na miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kama daktari atakavyoagiza. Kampeni zikipita mtaani mapema zaidi, mpeleke hivyohivyo. Shirika la Afya Duniani linashauri hata wadogo wachanjwe, kisha warudie wakifika umri. Takriban watu 59,000 hufa kwa kichaa kila mwaka duniani, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na wengi ni watoto. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Usidhani mdogo hawezi kuwa nacho. Mbwa wa miezi miwili aliyeng'atwa na mbwa mgonjwa anaweza kukileta nyumbani, na meno yake yale membamba yanatosha. Mbwa asiyejulikana historia yake akimng'ata au kumkwaruza mtoto hadi damu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, uende hospitali siku hiyohiyo. Huyo mbwa asiuawe. Afungiwe na kutazamwa siku kumi, na daktari wa mifugo ajulishwe.

Kwa haya yote, daktari wa mifugo wa wilaya au kata ndiye wa kuanzia. Walio karibu na Morogoro wana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na wa Nairobi wana kliniki ya chuo kikuu huko Kabete. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, maeneo mengi hutoa chanjo hiyo bure, basi sikiliza tangazo la mtaa. Kadi ya chanjo ihifadhi pamoja na vyeti vya watoto wako, na siku ukimgawa mbwa huyo, mkabidhi na kadi yake.